Nikinyamaza, nani anaandika?

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nilikuwa mkono wa watu wengine. Nilikuwa katibu muhtasi. Bosi anasema, mimi naandika kwa hatimkato, yale maandishi ya alama za kuandikia haraka, narudi mezani kwangu napiga chapa, yeye anatia saini. Mtihani wetu ulikuwa hatimkato ya Kiswahili na ya Kiingereza, maneno 100 kwa dakika moja, na aliyeufaulu alitembea kifua mbele. Leo vidole vyangu vimekakamaa kwa ugonjwa wa viungo. Penseli naishika kwa mistari michache tu, kibodi ndiyo kabisa. Kwa hiyo mtoa imla sasa ni mimi. Nasema, simu inaandika. Nikimaliza, ipo programu nyingine, ya akili mnemba, inayoniuliza kama ningependa iniboreshee nilichosema.

Nimekaa pande zote mbili za meza, basi, na suala hili la zana zinazotuandikia nina la kulisemea. Watu wanauliza kama mashine zinabadilisha maneno ya mtu. Wanauliza kana kwamba kabla yake maneno yalitoka mdomoni yakafika kwenye karatasi yakiwa mazima. Hayakufika mazima. Mimi ndiye niliyekuwa nikiyabadilisha, na nililipwa kwa kazi hiyo.

Tuliita kunyoosha barua. Bosi anasema: "Mwambie huyo bwana, yaani, tumeshamwambia mara ngapi, hatuwezi kumpa hiyo nafasi mpaka alete zile karatasi. Mwambie vizuri lakini." Kwenye karatasi inatoka: "Tunasikitika kukufahamisha kwamba ombi lako halitashughulikiwa hadi utakapowasilisha nyaraka zilizotajwa." Yeye anaisoma, anaridhika, anasaini. Miaka inapita. Siku moja nikamsikia yuleyule, kwenye simu, anamwambia ndugu yake wa kuzaliwa: "Nasikitika kukufahamisha kwamba sitaweza kufika." Hiyo sentensi ilikuwa yangu. Ilitoka kwenye mashine yangu ya chapa, ikapita kwenye saini yake, ikaingia mdomoni mwake, na hapo ikakaa. Sidhani kama aliwahi kugundua. Niliposikia sikufurahi. Mtu yule alikuwa na namna yake ya kusema, kali na yenye upendo ndani yake, na ilikuwa inaondoka.

Kwa hiyo sishangai ninaposikia kwamba vifaa vinaingia katika fikra za mtu. Nietzsche, mwanafalsafa wa Kijerumani, alilisema mapema. Mwaka 1882, macho yakiwa yamemchoka, alianza kutumia mashine ya chapa ya Mdenmaki aitwaye Malling-Hansen, kitu cha duara chenye vitufe vilivyochomoza, na katika barua aliyomwandikia rafiki yake alisema kwamba vifaa vyetu vya kuandikia navyo vinashiriki katika kuyafanya mawazo yetu. Mwandishi wa riwaya Henry James naye, mkono ulipoanza kumuuma mwaka 1897, akawa anatoa imla sehemu kubwa ya kazi zake kwa mpiga chapa hadi mwisho wa uhai wake. Theodora Bosanquet, aliyemfanyia kazi hiyo tangu 1907, aliandika jambo ambalo katibu yeyote atalielewa mara moja. James alizoea mlio wa mashine aina ya Remington kiasi kwamba ilipoharibika akatumia ya aina nyingine, alikosa raha, na kusema mbele ya kitu kisichoitika kwa sauti yoyote kulimvuruga karibu ashindwe. Alihitaji kusikia kitu kikimwitikia. Nami nimewahi kuwa na bosi ambaye nikiandika kwa penseli laini hatulii. Alitaka kusikia ncha ikikwaruza karatasi.

Lakini kuna jambo ambalo nadhani ndilo kiini, na halizungumzwi vya kutosha. Ni lile linalotokea mtu anayetoa imla anaponyamaza.

Niwaeleze kwanza hatimkato ilivyo, maana wengi hawajawahi kuiona. Tuliyojifunza sisi ilitokana na mfumo aliouchapisha Isaac Pitman mwaka 1837. Unaandika sauti, huandiki tahajia. Konsonanti ni mistari: mstari mwembamba ni p, huohuo ukikolezwa ni b, mwembamba uliosimama wima ni t, ukikolezwa ni d. Vokali ni vinukta na vistari vidogo pembeni, na mwandishi mwenye haraka huviacha. Matokeo yake daftari langu lilijaa mifupa ya maneno. Nilipokaa kupiga chapa nilikuwa nairudishia nyama kwa kukisia. Watapata na watapita, ukiziondolea vokali, ni mifupa ileile. Mara nyingi maana ya sentensi ilinielekeza. Isiponielekeza niliinuka, nikabisha hodi: "Samahani mzee, ulisema watapata au watapita?" Kukisia kulikuwapo, basi, tangu zamani. Ila kulikuwa na hodi pia.

Na kulikuwa na kusubiri. Bosi anasema sentensi nusu, ananyamaza, anakwenda dirishani. Wewe unakaa, penseli juu ya karatasi, humtazami sana. Humpi neno. Hilo tulifundishwa na waliotutangulia kazini kabla hata ya kufundishwa namna ya kupanga mafaili: katibu hamalizii bosi sentensi, hata kama anaijua. Kwa nini? Kwa sababu kitakachotoka baada ya ule ukimya huwa si kile ambacho wewe ungekisema. Nakumbuka bosi mmoja aliyekuwa akimwandikia mfanyakazi mkongwe barua ya kumwachisha kazi. Akasema, "Kwa barua hii unaarifiwa kuwa," kisha akanyamaza. Barua za namna hiyo nilikuwa nazijua kwa moyo. Sentensi ilikuwa imekwisha jiandika kichwani mwangu, kuanzia tarehe fulani, ajira yako itakoma. Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikasikia mapigo ya saa ya ukutani. Halafu akasema: "Futa. Nitamwendea mwenyewe." Ningemtupia maneno yale yaliyokuwa ulimini mwangu, angeyapokea. Yalikuwa sahihi. Yalikuwa ndiyo yanayotarajiwa. Barua ingekwenda.

Sasa zitazameni mashine kwa jicho hilo.

Za kwanza hazikuwa na uwezo wa kumharibu mtu. Mwaka 1952 maabara za Bell, za utafiti wa mambo ya simu huko Marekani, zilitengeneza mtambo uliotambua tarakimu, sifuri hadi tisa, tena kwa sauti ya mtu iliyemzoea. Mwaka 1962 kampuni ya kompyuta ya IBM ilionyesha kisanduku kilichotambua maneno 16. Mwaka 1990 ikaja DragonDictate, programu ya kompyuta ya kupokea imla, na hiyo ilimtaka mtu apumzike baada ya kila neno. Neno. Neno. Neno. Fikirieni kuwaza hivyo. Mwaka 1997 waundaji haohao walitoa programu iliyokubali mtu aseme kwa mfululizo kama anavyosema na mwenzake, na tangu hapo juhudi zote zimekwenda kwenye kuifanya mashine ikisie vizuri zaidi. Neno hilo nalisisitiza. Programu za leo hazisikii kama sikio linavyosikia. Zinapima ni maneno gani yana uwezekano mkubwa wa kufuatana, kwa kulinganisha na saa nyingi mno za sauti za watu wengine. Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi iliyotolewa na kampuni ya OpenAI mwaka 2022, ilifunzwa kwa saa 680,000. Sehemu kubwa ya saa hizo ilikuwa Kiingereza. Lugha nyingine 96 ziligawana saa zipatazo 117,000. Sisi wenye lugha ya vitenzi virefu, ambamo mtu na wakati na mtendwa vyote vinakaa ndani ya neno moja, tunalijua hilo kila tunapoiona simu ikikata kitenzi kimoja vipande viwili na kila kipande kukifanya neno.

Nilipoanza nilisema kama nilivyo. Nilikuwa nasimulia habari ya mtu aliyepata taarifa nzito, nikasema "alighumiwa". Simu ikaandika "aligharimiwa". Nikarudia polepole. Ikaandika kitu kingine kisichokuwa neno. Nikasema "alichanganyikiwa", ikalipata mara moja. Kuchanganyikiwa si kosa, kila mtu analielewa. Lakini aliyeghumiwa anasimama palepale bila kauli, na aliyechanganyikiwa huenda anazunguka chumba kizima. Nilitaka yule aliyesimama.

Hilo neno moja lisingenisumbua. Kinachonisumbua ni kwamba baada ya muda sikufika tena kwenye hatua ya kusahihishwa. Nilianza kuchagua yanayosikika kabla hayajanitoka. Methali nilizipunguza kwa sababu zilirudi zimevurugika. Majina ya watu niliyaacha nikasema "yule jirani". Sentensi zangu ndefu, zile zinazozunguka zikarudi kwenye mtu tuliyeanza naye, nilizikata, maana ukivuta pumzi katikati mashine inaweka nukta. Mtoto wa kaka yangu alikuja kunisalimu, tukaongea, akaniuliza: "Shangazi, mbona unaniongelesha kama taarifa ya habari?" Alikuwa anasema kweli. Nilikuwa nikitenga kila neno, nikiliweka wazi, nikimaliza sentensi kwa kushusha sauti, kwa msikilizaji aliyekuwa mfukoni.

Vipo pia vile vinavyoondolewa kimyakimya. Programu nyingi zimefunzwa kuacha eeh na aah, na mtu akirudia neno mara mbili zinaandika mara moja. Kwenye taarifa ya kikao sawa, hata mimi niliyaacha. Lakini mtu akisimulia msiba akasema "nikamwita, nikamwita, nikamwita", mara tatu, ile ya tatu ndiyo habari yenyewe. Katibu mwenye masikio anajua lini arudie na lini aache. Nimeona simu ikiandika "nikamwita" mara moja, na ukurasa ukawa msafi, na habari ikawa ya mtu aliyeita na kuondoka.

Kubaya zaidi ni kule kwenye ukimya. Mwaka 2024 kundi la watafiti lilichapisha uchunguzi wao juu ya Whisper. Waliipa rekodi za sauti za watu halisi, wakalinganisha na kilichoandikwa. Takriban asilimia 1 ya vipande ilikuwa na sentensi au vifungu vizima ambavyo hakuna aliyevisema. Na jambo hilo lilitokea zaidi kwa watu wenye afasia, wale ambao kiharusi au jeraha la ubongo limewafanya wayatafute maneno kwa shida. Moja ya sababu walizozitaja ni kwamba watu hao hukaa kimya muda mrefu zaidi katikati ya maneno. Nilisoma hilo nikaweka simu chini. Mtu anahangaika kulipata neno lake, neno analolijua, liko karibu, na pale anapolitafuta mashine inamwandikia lake.

Mtu mwenye afasia ndiye anayenyamaza kwa dhahiri kuliko sisi wengine. Lakini sote tunanyamaza. Na programu za kupendekeza maneno zimejengwa papo hapo, kwenye ule mwanya. Unaandika, unasita, maandishi ya kijivu yanatokea mbele yako. Unapoendelea kwa kasi hayana nafasi. Yanakuja ukisita. Kila siku yanakupa neno katika sekunde ambayo ulikuwa hujalipata lako, na yanakupa lile ambalo watu wengi wangelitumia, kwa sababu kazi yake ni hiyo: kukadiria kipande kinachofuata kutokana na maandishi ya wengine wote.

Yaliyochunguzwa yanakubaliana na nilichokiona kwenye simu yangu. Mwaka 2020 watafiti waliwapa watu picha wazieleze, mara wakiwa na mapendekezo ya maneno, mara bila. Yaliyoandikwa kwa mapendekezo yalikuwa mafupi zaidi na yenye maneno machache ya kushtukiza. Mwaka 2023 ulitolewa uchunguzi mwingine, wa watu zaidi ya 1,500, walioandika kuhusu kama mitandao ya kijamii ina faida kwa jamii. Baadhi yao walipewa msaidizi wa kompyuta aliyekuwa ameelekezwa kupendelea upande mmoja. Waliosaidiwa naye waliandika kuelekea upande huo, na walipoulizwa baadaye maoni yao wenyewe, nayo yalikuwa yamesogea. Wengi hawakuhisi kusogezwa. Namfikiria bosi wangu na "nasikitika kukufahamisha".

Na wa mwaka 2025 ulinigusa mimi zaidi. Wahindi na Wamarekani waliandika juu ya mambo ya kawaida ya maisha yao, chakula wakipendacho, sikukuu waipendayo. Mapendekezo yaliyotolewa mara kwa mara yalikuwa piza na Krismasi. Wahindi walilazimika kusahihisha mara nyingi zaidi, hivyo zana haikuwaokolea muda kama ilivyowaokolea wenzao, na pamoja na usumbufu wote huo maandishi yao yaliishia kusogea kuelekea namna ya Wamarekani, hata walipoeleza mambo ya kwao. Watu wanaosukumwa hivyo wanachoka. Nami nimechoka hivyohivyo kwa "alichanganyikiwa".

Ninao mfano mmoja wa nyumbani kwangu ambao nimeuhifadhi, karatasi zote mbili. Rafiki yangu tuliyefanya kazi ofisi moja alifiwa na mumewe. Nilichukua simu nikasema:

"Dada, nimesikia habari za mzee. Nimeshika simu na sijui pa kuanzia. Nakumbuka alivyokuwa anakuja kukuchukua jioni, hashuki kwenye baiskeli, anapiga kengele mara moja tu, na wewe hata barua ikiwa katikati unainuka. Hata siku moja hakupiga mara mbili. Sasa jioni sijui"

Hapo nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa sijui. Programu ikaniuliza kama iboreshe. Nikaikubalia, kwa kutaka kuona. Ikaleta:

"Nimepokea kwa huzuni kubwa taarifa za kifo cha mume wako mpendwa. Katika kipindi hiki kigumu, napenda kukupa pole za dhati wewe na familia yako. Alikuwa mtu mwema, mwenye upendo na mwenye kujitolea. Kumbukumbu zake zitaendelea kuishi mioyoni mwetu."

Hakuna kosa la sarufi. Baiskeli haipo. Kengele haipo. Badala yake kuna sifa tatu, na sikuwa na ushahidi wa yoyote kati ya hizo. Nilichokijua mimi juu ya mtu yule ni kwamba alipiga kengele mara moja na akaamini atasikika. Na pale niliposimama, kwenye "sasa jioni sijui", pamejazwa faraja, kumbukumbu zinazoishi mioyoni. Nilituma ya kwanza, bila kuimalizia. Dada yule alinijibu ukurasa mzima, na wote ulikuwa juu ya kengele ile: ilivyonunuliwa, ilivyoharibika, alivyoitengeneza kwa waya.

Baada ya hapo nilipata nafasi ya kumpa pole mtu mwingine, uso kwa uso, na nikasikia sauti yangu ikisema "katika kipindi hiki kigumu". Sikuwa nimeishika simu. Hiyo karatasi ya pili nilikuwa nimeisoma mara chache tu, na tayari ilikuwa imepata kiti mdomoni mwangu. Hapo ndipo nilipoamua kupanga upya namna ninavyozitumia zana hizi.

Kuziacha siwezi, na sitaki mtu anayesoma haya adhani nasema ziachwe. Bila imla mimi nisingekuwa naandika. Kuna watu wasioona, wasio na mikono yenye nguvu, wanaopata taabu kubwa na tahajia ingawa akili zao ni kali, ambao kwao kusema na kuona maneno yakijipanga ni mlango uliofunguliwa baada ya miaka ya kufungiwa nje. Mtu asithubutu kuwaambia kwamba kilichoandikwa hivyo si chao. Na zipo kazi ambazo naikabidhi akili mnemba moja kwa moja bila majuto. Barua ya kuomba nakala ya cheti, barua ya kulalamikia bili, fomu, maombi yenye maneno yaliyopangwa na ofisi miaka mingi iliyopita: hizo hazikuwahi kuwa sauti ya mtu yeyote. Nimeandika maelfu. Ziende.

Yaliyo yangu nayafanya hivi. Kwanza nasema kwenye kinasa sauti cha kawaida, kile kinachorekodi tu. Hakikisii chochote. Nikinyamaza kinanyamaza, na ukimya wangu unabaki humo kwa urefu wake. Hilo peke yake lilinirudishia sentensi zangu ndefu, kwa sababu hakuna nukta inayonivizia nikivuta pumzi. Baadaye rekodi naipa programu iigeuze maandishi, na nikiyapitia nasikiliza rekodi sambamba. Pale lilipo neno lisilo langu, naligundua papo hapo kwa sababu sauti yangu inalikana. Methali zinarudi zimevurugika kama zamani. Nazirekebisha kwa kidole kimoja, taratibu. Inachukua muda. Mapendekezo ya maneno nimeyazima kila mahali palipo na kitufe cha kuyazima.

Akili mnemba naitumia mwishoni, kwa maagizo finyu: iweke mkato na herufi kubwa, isiondoe neno wala isiongeze neno. Hulisahau agizo hilo ikiwa andiko ni refu, kwa hiyo nalinganisha. Na nimeigundulia kazi moja inayoifanya vizuri mno, ambayo ni kuuliza. Nailetea andiko, naiambia isiandike chochote, iniulize tu pale ambapo msomaji hataelewa. Inarudi: hapa uliposema yule, ni yule jirani au mume wake? Hapa ni watapata au watapita? Hiyo ndiyo hodi. Niliifurahia sana mara ya kwanza nilipoiona, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikifanya mimi mlangoni kwa bosi, na ndicho kitu kizuri zaidi nilichowahi kumpa mtu katika kazi ile.

Halafu nasomewa. Zamani, barua nzito haikusainiwa kabla sijaisoma kwa sauti mbele ya aliyeitoa. Mtu anayesikia maneno yake kwa sauti ya mwingine huyatambua au hayatambui, haraka kuliko macho yanavyoweza. Leo simu inanisomea. Sauti yake ni ya bapa, haijui mahali pa kupandisha, lakini inatosha. Sentensi isiyo yangu inateleza. Nasikiliza, nakubali, na sikumbuki imesema nini. Iliyo yangu inanikwaruza mahali fulani.

Ninalo wazo moja ambalo halijanitulia, nalo ni la vijana. Mimi nina makaratasi. Nina barua nilizomwandikia dada yangu nikiwa msichana, nina shajara, naweza kuyaweka mezani kando ya nilichoandika leo nikaona nilipopotea. Anayeanza kuandika leo, pendekezo likimtangulia tangu sentensi ya kwanza, atalinganisha na nini? Hatakuwa na sauti ya kabla. Atajuaje kwamba "katika kipindi hiki kigumu" imetoka nje, ikiwa haijawahi kuwapo siku ambayo haikuwapo?

Binti wa yule mtoto wa kaka yangu yuko sekondari, na ananisaidia kuandika ninapochoka na simu. Anaandika kwa kalamu, mimi nasema. Mwanzoni alikuwa mwepesi kunipa neno. Nikisita tu, "Bibi, unataka kusema huzuni?" Nilimweleza kuhusu yule bosi aliyenyamaza kisha akasema futa, na tangu siku ile anasubiri, ingawa naona kalamu inavyomtetemeka. Yeye naye insha zake za shule anazipeleka kwenye akili mnemba. Wote darasani wanafanya hivyo, na kumkataza kungekuwa kumfundisha kuficha. Tumekubaliana jambo moja: ya kwanza, ile aliyoiandika kabla haijaguswa, anaihifadhi, na tunaisoma pamoja kabla ya ile iliyoboreshwa. Ya mwezi uliopita ilikuwa juu ya mvua. Ndani ya ile ya kwanza kulikuwa na sentensi mbili ambazo sijawahi kuzisikia kwa mtu yeyote, na zote mbili zilikuwa na makosa ya upatanisho wa ngeli. Kwenye iliyoboreshwa hazikuwapo kabisa. Tulichukua ile ya kwanza, tukasahihisha ngeli kwa kalamu nyekundu, sentensi tukaziacha, na hiyo ndiyo aliyoipeleka kwa mwalimu.